Kulala Baada ya Upasuaji wa Moyo: Mwongozo kwa Nyumba za Lamu

Mgonjwa aliyepasuliwa moyo Nairobi au India anaposhuka uwanja wa Manda na kuvushwa hadi mjini, watu wa nyumbani huwa wamekwisha kupika, kufagia na kufukiza ubani. Kinachosahauliwa ni kitanda. Hospitalini alilala kwenye kitanda kinachoinuka upande wa kichwa. Nyumbani anakuta samadari ya kupandia kwa kibao, au kitanda cha kamba kilichobonyea katikati, au godoro la sufi lililotandikwa chini. Vyote vitatu vitamwamsha usiku, na vyote vitatu vinarekebishika kwa siku moja kabla hajafika. Usiku wa kwanza, mgonjwa amechoka na safari, si wakati wa kumtafuta seremala.

Maelezo haya ni ya mtu aliyefunguliwa kifua katikati, awe alipandikizwa mishipa, alibadilishiwa vali (kilango cha moyo) au alizibwa tundu. Aliyepasuliwa kwa tundu dogo ubavuni ana masharti yake. Na penye tofauti kati ya mwongozo huu na karatasi mliyopewa siku ya kuruhusiwa, fuateni karatasi.

Kifua kimefungwa kwa waya

Ili kuufikia moyo, daktari hupasua mfupa wa kidari kwa msumeno kutoka juu hadi chini, hutanua pande mbili kwa chuma, na akimaliza huzikutanisha na kuzifunga kwa waya usioshika kutu, ambao kwa kawaida hubaki humo. Ngozi hufunga kwa wiki mbili tatu na kumdanganya mtu kwamba amepona. Mfupa huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana, na kama miezi 3 kuwa imara. Mwenye kisukari, mvutaji sigara na mtu mnene hawana budi kusubiri kwa subira zaidi.

Hapo ndipo zinapotoka kanuni zote za kitandani. Misuli mikubwa ya kifua imeshika mfupa huo pande zote mbili, hivyo ukijisukuma kwa mikono ili uinuke, kila upande unavuta kwake, na kinachobaki kushika ni waya. Kwa hiyo hakuna kujisukuma, hakuna kujivuta kwa kamba wala ukingo wa kitanda, hakuna kupeleka mkono nyuma ya mgongo kutafuta mto, na hakuna kunyanyua kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Jerikeni ya lita 5 iliyojaa tayari imefika mpaka, na mtoto wa mwaka mmoja ameupita.

Jambo linalowashangaza wagonjwa wengi ni kuumwa mgongo wa juu, shingo na mabega ilhali walipasuliwa mbele. Mbavu zilitanuliwa kwa saa kadhaa, na viungo vyake huko nyuma, karibu na uti wa mgongo, vilivutika. Maumivu haya ndiyo yanayoamsha watu saa nane za usiku kuliko kidonda chenyewe, na dawa yake kubwa ni mpangilio wa mito.

Kitanda: kimo na ugumu

Mgonjwa akiketi ukingoni, nyayo zote mbili zikae bapa sakafuni, na magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Kwa watu wengi ni sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, likipimwa likiwa limekaliwa. Mtu mrefu aongezewe, mfupi apunguziwe.

Samadari na pavilao, vitanda vile vya urithi, ni virefu mno. Kukanyaga kibao gizani, usingizi umejaa machoni na dawa za presha zimelegeza mwili, ni kualika kuanguka, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akianguka hata mchubuko mdogo ni habari nyingine. Hakuna haja ya kukata miguu ya kitanda cha urithi. Mgonjwa alazwe kingine kwa miezi mitatu, kisha arudie chake. Godoro la chini ni baya kuliko samadari, kwa sababu hakuna njia ya kuinuka kutoka sakafuni bila kutia mikono nguvu.

Kitanda cha kamba kina hila nyingine. Kikibonyea, mwili hukunjika katikati, mabega huja mbele, na mgonjwa hawezi kujigeuza kwa sababu analala kama aliye ndani ya mtumbwi. Kiwambwe upya mpaka kamba zikaze, kisha juu yake kiwekwe kipande cha plaiwudi cha milimita 12, ndipo godoro la sponji nzito la inchi 6 lifuate. Sufi hujikusanya mafundo na kuacha shimo palipo na makalio. Ikiwa ndilo godoro pekee lililopo, lianikwe, lipigwe, lisambazwe, na plaiwudi isikosekane chini yake.

Kitanda kisogezwe ili upande wa kushukia uelekee choo. Ama kuhusu orofa, familia nyingi humhamishia mgonjwa chini kwa huruma, wakati chini ni joto na choo kiko orofani, naye huishia kupanda ngazi zile za Lamu, nyembamba na zenye vidato virefu, mara tatu usiku. Chumba cha juu chenye choo na upepo ni bora, mradi apande mara moja kwa siku, polepole, akipumzika kila vidato vichache, na asiivute kamba ya ngazini.

Mteremko wa mgongo

Wiki za mwanzo mgonjwa hulala chali, mgongo umeinuka kati ya nyuzi 30 na 45. Kwa mteremko huo mapafu hupanuka kwa urahisi na kidonda hakivutiki. Juu ya hayo, nusu ya kazi ya kuinuka inakuwa imekwisha kufanywa. Anzeni karibu na 45, kisha mshushe kidogokidogo kadiri pumzi na maumivu vinavyoruhusu. Njia ziko tatu.

Ya kwanza, iliyo bora, ni ubao wa kuegemea. Mwambieni seremala akate plaiwudi ya milimita 12, urefu sentimita 75, upana 60, aitie bawaba na mguu wa kuegemeza nyuma wenye pingili mbili za kubadilishia mwinuko. Ncha ya juu ikiinuka sentimita 37 umepata nyuzi 30, ikiinuka 53 umepata 45. Ukingo wa chini upigiliwe ubao mwembamba ili usiteleze, na juu yake pawekwe sponji ya sentimita 5. Kosa la kawaida ni kuuweka juu sana kitandani, mgonjwa akakunjika katikati ya mgongo badala ya kiunoni. Ukingo wa chini wa ubao ukutane na makalio, na mkunjo uwe kwenye nyonga.

Ya pili ni kiti cha mbao kilichopinduliwa. Kilaze upande wa kichwani, ncha ya egemeo na ukingo wa mbele wa kalio vikigusa godoro, miguu ya kiti ikitazama juu na kuegemea ubao wa kichwani. Mgongo wa lile egemeo ndio utakaokuwa mteremko. Kifungwe kwa kamba au leso kwenye kitanda, kisha mito miwili juu yake. Kiti cha plastiki hakifai, huteleza na kupindika. Cha mpingo kizito nacho kiacheni barazani.

Ya tatu ni mito mitupu, minne au mitano. Ipangeni kama makuti ya paa: wa kwanza uanzie kiunoni, wa pili uufunike nusu, wa tatu uufunike wa pili nusu, mpaka kichwani. Wengi huirundika yote chini ya kichwa. Kidevu kinagusa kifua, shingo inakaza, mtu anakoroma na kuamka na maumivu yaleyale ya mabega tuliyoyataja.

Kwa njia yoyote, ifikapo usiku wa manane mgonjwa huwa ameteleza. Kunjeni blanketi, lizungusheni kwa leso, liwekeni chini ya mapaja, na ncha za leso zifungwe pande mbili za kitanda. Lisibane nyuma ya magoti moja kwa moja, kwa kuwa hapo hupita mishipa inayorudisha damu. Akiteleza licha ya hayo, msimburute kwa makwapa kumrudisha juu. Aketi, asogeze makalio nyuma moja baada ya jingine kama anayetembea kwa kukaa, kisha alale upya.

Aliyetolewa mshipa mguuni ili kupandikizwa moyoni atavimba mguu huo, hasa jioni. Mto mrefu uwekwe chini ya shavu lote la mguu, kisigino kikining'inia bila kugusa kitu. Mito miwili midogo zaidi, au leso zilizokunjwa, iwekwe chini ya mikono kuanzia kiwiko. Mikono ikining'inia huvuta mabega, nayo mabega huvuta kidonda. Ni jambo dogo, lakini wagonjwa wengi hupata nafuu hapo kuliko mahali pengine.

Mwisho ni mto wa kukumbatia, takriban sentimita 30 kwa 40, wa sponji ngumu. Wa sufi hunyong'onyea ukibanwa. Ufungwe uzi kitandani, maana huanguka, na mgonjwa akiinama kuuokota tayari ameharibu.

Kushuka na kupanda

Kushuka:

1. Kunja goti moja, kisha la pili, nyayo zikae godoroni.
2. Kumbatia mto kifuani kwa mikono yote miwili.
3. Jiviringishe kama gogo kuelekea ukingoni, mabega, nyonga na magoti pamoja. Bega likitangulia, kifua hupindika, na ndipo mtu husikia kama kimekatika kitu.
4. Teremsha miguu nje ya kitanda. Uzito wake ndio utakaokuinua. Kiwiko cha chini kiguse godoro karibu na ubavu, kikuongoze tu, kisisukume.
5. Toa pumzi unapoinuka. Ukiibana, presha hupanda ghafla na kidonda hukaza.
6. Keti dakika moja au mbili, ukichezesha vifundo vya miguu mara kumi. Kizunguzungu kikiisha, sogea ukingoni, vuta nyayo nyuma, inamia mbele, simama kwa nguvu za mapaja.

Kupanda ni hivyo hivyo kinyume, ila kuna sharti moja: keti mahali ambapo mkunjo wa ubao unaanzia. Ukiketi karibu na miguuni itakubidi ujisogeze juu kwa mikono. Lala kwa ubavu huku miguu ikipanda kwa wakati mmoja, mto ukiwa kifuani, kisha jiviringishe hadi chali.

Msaidizi akae upande wa kushukia. Mkono mmoja nyuma ya bega la mgonjwa, mwingine uongoze miguu. Wema wa kumnyooshea mtu mkono na kumvuta ndio unaoumiza vifua vingi. Mabaharia gatini wanajua kumkamata abiria mkono na kumrusha juu, na mgonjwa aanze kuwaambia mapema, chombo hakijafunga, kwamba asivutwe. Mshike kiunoni, au mkandamizie mto kifuani. Nyumbani sheria ni hiyo hiyo.

Fanyeni mazoezi haya mara tatu nne mchana, mwanga wa jua ukiwapo. Kujifunzia saa tisa za usiku na kibofu kimejaa si busara.

Nguo, chandarua, joto na moshi

Dera na kanzu huvaliwa kwa kuinua mikono juu, basi viwekwe kando kwa wiki kadhaa. Mwanamume avae shati kubwa la vifungo na kikoi. Mwanamke avae gauni la kufunguka mbele na leso. Mwenye matiti mazito avae sidiria laini isiyo na waya mchana na usiku, ifungukayo mbele. Titi likining'inia huvuta ncha ya chini ya kidonda, na hapo ndipo panapochelewa kufunga.

Chandarua hakiachwi Lamu, lakini mgonjwa asikichomeke mwenyewe wala asikifikie juu kukishusha. Afanyiwe na mwingine, na upande wa kushukia uachwe umelegea, kitambaa kikiwa kirefu, ili asinase usiku. Dawa ya mbu ya kuchoma isitumike chumbani. Udi na ubani vilevile visichomwe humo, hata kama nyumba imezoea. Moshi huleta kikohozi, na kukohoa kwa mtu mwenye mfupa uliofungwa kwa waya ni adhabu.

Msimu wa kaskazi, Disemba hadi Machi, joto huwa shida kubwa kuliko maumivu. Shuka ziwe za pamba, mfuko wa plastiki wa godoro uvuliwe, feni ipulize ukutani ili upepo urudi, isielekezwe kifuani. Kidonda kinatakiwa kibaki kikavu. Jasho likikusanyika kwenye mkunjo chini ya matiti au juu ya tumbo, lipanguswe kwa kitambaa safi. Mafuta ya nazi, habasoda, asali na kadhalika visipakwe mpaka kidonda kimefunga kabisa na daktari ameridhia. Kukandwa kifua kusifikiriwe.

Kuanzia alasiri

Usingizi wa usiku huharibiwa mchana. Mgonjwa aliyelala tangu adhuhuri hadi alasiri atakuwa macho hadi alfajiri, kisha atasema dawa hazifanyi kazi. Ruhusa ni nusu saa, na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Asubuhi aketi kiwandani, yaani uani, penye mwanga na atembee kidogo. Mwanga ndio unaourudishia mwili saa yake baada ya siku za chumba cha wagonjwa mahututi, ambako taa haizimwi.

Wageni wa kumtazama mgonjwa waje kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Mtu mmoja wa nyumbani, ikiwezekana shangazi asiyeona haya, akabidhiwe kazi ya kuwaaga.

Dawa ya maji, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, inywewe asubuhi. Ikiwa ni mara mbili kwa siku, ya pili iwe kama saa nane mchana. Akinywa jioni atakesha chooni. Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama bisoprolol na atenolol, huleta ndoto kali kwa baadhi ya watu. Zisisimamishwe, daktari aulizwe kama saa inaweza kubadilishwa.

Dawa ya maumivu isingoje maumivu. Kama mmeandikiwa paracetamoli, kidonge cha mwisho kinywewe nusu saa kabla ya kupanda kitandani. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima mwenye kilo 50 na zaidi ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini apewe kipimo chake na daktari. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka lolote litakuuzia, ziacheni isipokuwa daktari wa moyo ameruhusu. Huzuia figo kutoa chumvi na maji, na zikikutana na warfarini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Dawa za usingizi na zile za mafua zinazosinziza, kama Piriton, humchanganya mzee akili na kumwangusha njiani kwenda chooni. Dawa za mitishamba na warfarini hazichanganywi bila kuuliza.

Kahawa chungu iishie saa nane mchana. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu tu mwilini. Muguka na miraa si suala la usingizi peke yake. Hupandisha presha na kasi ya moyo, na moyo ulioshonwa juzi hauna haja ya mbio hizo.

Chakula cha jioni kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kulala, kidogo, bila achari wala ng'onda (samaki mkavu wa chumvi). Chumvi ya usiku ni maji ya asubuhi miguuni na mapafuni. Papai na mboga za kutosha zisaidie choo, kwa kuwa dawa kali za maumivu hukifunga, na kujikamua kunakaza kifua kama kunyanyua mzigo. Anayekunywa warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha na majani mengine ya kijani, kile alichozoea kiendelee.

Kabla ya kulala, avute pumzi ndefu mara kumi, azishike kwa hesabu ya tatu, kisha akumbatie mto kwa nguvu na kukohoa mara mbili. Kohozi likitoka saa tatu usiku halitamwamsha saa nane. Swala ya Isha aiswali ameketi kitini. Kusujudu kunabebesha mikono uzito wa mwili, na sharia imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi.

Usiku wenyewe

Mezani, upande wa kushukia na pasipohitaji kunyoosha mkono, ziwepo tochi, maji kwa kiasi alichoruhusiwa, simu na kengele ndogo. Umeme hukatika, kwa hiyo tochi iwe ya kuchaji na iwe imechajiwa.

Choo cha kuchutama hakifai wiki hizi. Kuinuka kutoka pale kunataka mikono. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya choo na miguu yake ikatiliwa mpira isiteleze, kinatosha. Kwa mwanamume, chupa ya mkojo kando ya kitanda huokoa safari mbili, lakini aketi kwanza.

Kuamka kila baada ya saa mbili tatu ni kawaida kwa wiki kadhaa. Baada ya nusu saa bila usingizi, aketi kitini, asome au asikilize Qurani kwa sauti ya chini, kisha arudi. Kubaki kitandani akihesabu saa humfundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kukesha.

Ndoto za kutisha, kuona watu wasiokuwapo, kulia bila sababu: haya huwapata wengi, zaidi wazee, kutokana na nusukaputi, dawa na siku za kukosa usingizi. Nyumba zetu ni wepesi wa kusema jinamizi au mengine. Dua isomwe, hakuna ubaya, na taa ndogo iachwe, mtu alale chumba hicho, mgonjwa akumbushwe kwa upole yuko wapi na ni siku gani. Lakini akichanganyikiwa ghafla, akashindwa kutamka, uso ukaenda upande au mkono ukalegea, hilo ni dharura ya kiharusi na halingoji asubuhi.

Kuna milio miwili inayotisha usiku, na ni muhimu kuitofautisha. Mwenye vali ya chuma husikia tik, tik, kwa mpigo wa moyo, hasa nyumba ikinyamaza. Huo ni mlio wa vali ikifunga, ni mwema, na feni huufunika. Mlio mwingine ni mkwaruzo au mbofyo kifuani wakati wa kujigeuza, kukohoa au kuvuta pumzi, kana kwamba mifupa inasuguana. Huo ni dalili kwamba mfupa haujatulia, na daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Ubavu, kisha tumbo

Wengi wamezoea ubavu wa kulia, wengine kwa sunna tangu utotoni, na kulala chali hukuona kama kifungo. Kwa kawaida ruhusa hutolewa kati ya wiki ya 4 na ya 6, baada ya daktari kukagua mfupa. Jipime pia: unaweza kukohoa bila maumivu makali? Kifua hakibonyei? Basi anza kwa kuinama robo tu, mto mrefu nyuma ya mgongo ukikushika, mwingine kati ya magoti, wa tatu umekumbatiwa ili bega la juu lisianguke mbele. Kaa saa moja, kisha rudi chali. Ongeza usiku kwa usiku. Ubavu wa kushoto wengine husikia moyo ukigonga, jambo linalosumbua masikio zaidi ya moyo. Aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo aulize upande gani aanze.

Kifudifudi huja mwisho, baada ya wiki 12.

Watoto wadogo wasilale kitanda kimoja na mgonjwa mpaka wakati huo. Kisigino cha mtoto usiku hakina adabu.

Lini kuamsha watu

Kila asubuhi, baada ya haja na kabla ya chai, apimwe uzito kwa mizani ileile na uandikwe. Ukipanda zaidi ya kilo 1 kwa siku au kilo 2 kwa wiki, maji yanakusanyika hata kama miguu haijavimba. Dalili yake usiku ni hii: aliyekuwa akilala kwenye mito mitatu sasa anataka mitano, au anaamka akihema na kutaka dirisha lifunguliwe. Msimwongezee mito tu mkalala, pigieni daktari simu.

Homa ya nyuzi 38 na zaidi isiitwe malaria kwa kubahatisha. Pwani kila homa hununuliwa dawa ya malaria dukani, na kwa mgonjwa huyu siku tatu zilizopotea hivyo zaweza kuwa siku ambazo usaha ulikuwa ukienea mfupani, au vijidudu vikishika vali. Apimwe malaria na damu, na kidonda kiangaliwe, kwa safari moja. Kidonda kinachotoa maji au usaha, wekundu unaopanuka, na mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu ni vya siku hiyo hiyo.

Maumivu ya kifua yanayobana tofauti na ya kidonda, kuzimia, kuhema akiwa ametulia, moyo kwenda mbio bila mpangilio, kinyesi cheusi kwa anayetumia warfarini: hayo hayasubiri kuche. Aliye kisiwani apelekwe hospitali ya King Fahd mara moja, na ikibidi avushwe. Kwa hiyo, kabla ya usiku wa kwanza, nambari ya nahodha mwenye boti ya injini iandikwe ukutani, aulizwe wazi kama huwasha simu usiku na kama tangi lake huwa na petroli, na mpatane mapema ni gati gani atakayofunga maji yakiwa yametoka.